iPod ya zamani imekutwa kwenye droo? Jinsi ya kujua ni ya mwaka gani na kuifufua

Mwezi haupiti bila mtu kunitumia picha ya iPod aliyoikuta kwenye droo ya mama yake au kwenye begi la mjomba aliyerudi kutoka Uingereza, na swali ni lilelile, hii kitu bado inafanya kazi au niwape watoto wachezee. Mi namwambia geuza nyuma unisomee namba. Wengine wanakasirika wanadhani nawazungusha, ila bila kujua ni ya mwaka gani siwezi kusema chochote cha maana, kwa sababu kuna iPod ukiiwekea hela kidogo inakuwa mashine tamu kuliko simu yako kwa muziki, na kuna nyingine hata ukipewa bure utahangaika kutafuta waya tu mpaka uchoke.

Kwa hiyo nimeamua kuandika yote sehemu moja. Naongelea zile zenye gurudumu. iPod touch siiongelei, ile ni simu isiyo na laini na matatizo yake ni ya simu.

Historia kwanza, na usiruke

Najua umekuja kutafuta dawa sio hadithi, ila vumilia, kwa sababu humu kwenye historia ndo utajua kwa nini hii yako inafufuka na ya jirani haifufuki.

iPod ya kwanza ilitambulishwa tarehe 23 Oktoba 2001 kule Cupertino, California, Steve Jobs akaitoa mfukoni na kusema hizi ni nyimbo 1,000. Ilikuwa na 5GB, bei dola 399, na ilikuwa inaongea na kompyuta za Mac peke yake. Sio kwamba Apple ndo waligundua kipleya cha MP3, hapana. Diamond Rio PMP300 ilikuwepo toka 1998 ikiwa na MB 32, yaani hapo ni kama albamu moja na uibane kweli, na Creative walikuwa na Nomad Jukebox ya mwaka 2000 yenye 6GB ila ukubwa wake ni kama wokimeni ya CD na kuijaza nyimbo kwa USB ya enzi zile ungeweza kuinjika maharage yakaiva bado inahesabu.

Kilichobadilisha mchezo ni diski. Toshiba walikuwa wametengeneza hadidiski ya inchi 1.8, ndogo kabisa, na hawakuwa na uhakika waifanyie kazi gani. Jon Rubinstein wa Apple alikuwa Japani mwanzoni mwa 2001 akaonyeshwa, akajua hapohapo kwamba kile kitu walichokuwa wanakitafuta ndo hiki. Tony Fadell akaletwa kuongoza utengenezaji, chipu ikatoka kwa kampuni ya PortalPlayer, Phil Schiller ndo alileta wazo la gurudumu ili mtu asibonyeze mara elfu kufika kwenye wimbo wa mwisho, na kabla mwaka haujaisha kitu kiko dukani. Ikumbuke hiyo diski ya Toshiba. Kila ukisikia mtu anasema iPod yangu imekufa, mara nyingi iPod haijafa, kilichokufa ni hiyo diski au betri.

Tatizo la hizo za mwanzo ni waya. Zilitumia FireWire, ambayo kwa wakati ule ilikuwa inapitisha megabiti 400 kwa sekunde wakati USB iliyokuwepo ilikuwa 12, kwa hiyo walikuwa sahihi kabisa. Ila leo hii nani ana tundu la FireWire? Toleo la pili la Julai 2002 likaja na la watu wa Windows pia, bado FireWire. Toleo la tatu la Aprili 2003 ndo likaleta lile tundu pana la pini 30 chini, lile lililokuja kutumika mpaka kwenye iPhone za mwanzo, na mwezi huohuo duka la iTunes likafunguliwa wimbo mmoja senti 99. Hilo la tatu utalijua kwa batani nne zinazowaka nyekundu juu ya gurudumu. Zuri kwa macho, ila lina kituko kimoja, ukilichomeka USB linapokea nyimbo lakini halichaji, chaji linataka ya FireWire. Kuna mtu nilimuuzia moja bila kujua hili (nilikuwa mgeni bado) akanirudishia baada ya siku mbili, na alikuwa na haki yake.

2004 mambo yakatulia. iPod mini ilitangazwa Januari ikiwa na gurudumu linalobonyezeka, halafu Julai toleo la nne likaichukua staili hiyo. Kuanzia hapo USB inachaji kama kawaida. Nano ikaingia Septemba 2005 na mini ikaondolewa sokoni siku hiyohiyo pamoja na watu walikuwa bado wanaigombania.

Halafu Oktoba 2005 ndo ikaja mpenzi wangu, toleo la tano, wengi wanaiita iPod video. Kioo cha inchi 2.5, 30GB au 60GB. Septemba 2006 wakaiboresha kidogo, kioo kikang'aa zaidi, ile kubwa ikawa 80GB, wakaongeza sehemu ya kutafuta wimbo kwa herufi. Hiyo watu wanaiita tano na nusu, Apple wenyewe hawakuibadilisha jina. Septemba 2007 ikaja Classic, uso wa aluminiamu badala ya plastiki, 80GB na 160GB nene, 2008 wakabakiza moja ya 120GB, 2009 wakatoa 160GB nyembamba na baada ya hapo hawakuigusa tena. Miaka mitano mzima kitu kilekile dukani. Tarehe 9 Septemba 2014, siku waliyoonyesha iPhone 6 na saa yao, Classic ikatoweka kwenye tovuti kimyakimya, hata kwaheri hakuna. Tim Cook baadae alieleza kwamba vipuri vilikuwa havipatikani tena popote, na kuiunda upya ingekuwa kazi kubwa kwa wateja wachache. Nano na shuffle zikafuata Julai 2017, na touch ya mwisho ikasimamishwa Mei 2022.

Basi. Sasa tushike mashine.

Geuza nyuma usome

Kule nyuma kwenye bati linalong'aa, chini kabisa, kuna maandishi madogo kama mchwa. Piga picha na simu halafu vuta, usijiumize macho. Kuna namba inaanza na A. A1136 ni iPod video, yaani toleo la tano au tano na nusu. A1238 ni Classic, zote tatu. A1059 ni toleo la nne la kioo cheusi na cheupe, A1099 ni ile ya rangi ya kwanza waliyoiita photo, A1051 ni mini. A1137 ni nano ya kwanza, na hapo simama kidogo. Nano ya kwanza, iliyouzwa kati ya Septemba 2005 na Desemba 2006, Apple walitangaza Novemba 2011 kwamba wanazirudisha kwa sababu betri za baadhi zinapata moto. Ukikuta moja usiichomeke ukalala. Mi siichomeki kabisa.

Kutofautisha tano na tano na nusu, washa uende kwenye menyu ya muziki, ukiona Search ni tano na nusu. Kama haiwaki, tafuta namba ya oda, ile inayoanza na M. MA444 na MA446 ni 30GB ya 2006, MA448 na MA450 ni 80GB ya 2006. Kwa Classic, MB029 na MB147 ni 80GB ya 2007, MB562 na MB565 ni ya 2008, MC293 na MC297 ndo ile 160GB ya 2009.

Kwa nini najisumbua na haya? Kwa sababu mbili za hela. Kwanza, iPod video ya 30GB ina RAM ya MB 32, ya 60 na 80 zina MB 64. Ukiweka memori kadi kubwa kwenye ile ya 30 ukaijaza, ikifika nyimbo kama 20,000 hivi inaanza kugoma, inajizima, inakuwa nzito, kwa sababu orodha yote ya nyimbo inabidi ikae kwenye hiyo RAM. Ya MB 64 inavumilia zaidi ya mara mbili yake. Pili, Classic ya 80GB ya 2007 na ile ya 120GB ya 2008 programu yake haioni zaidi ya 128GB hata uweke kadi ya 512. Ya 2009 haina shida hiyo. Kwa hiyo muuzaji akikwambia Classic zote sawa tu bro, mwache aongee, wewe angalia MC.

Ukiniuliza mi ipi ya kununua nakwambia iPod video, ikiwezekana tano na nusu. Wapenzi wa sauti watakwambia ni kwa sababu ina chipu ya sauti ya Wolfson na Classic ina ya Cirrus Logic, na watabishana mpaka asubuhi. Tofauti ipo ila ukisikiliza na iafoni za kununua barabarani huwezi kuisikia hata kidogo, anza na iafoni. Sababu yangu ni kwamba video inafunguka. Classic kuifungua ni vita, nitafika huko.

Kabla hujatoa hela

Muuzaji mmoja aliniuzia Classic akaapa kwa jina la mama yake kwamba ni mpya kabisa ilikuwa kabatini. Nimefika nyumbani naiweka sikioni nasikia tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Ni diski hiyo, inatafuta na haipati. Toka siku ile silipi kabla sijaingia kwenye ile menyu ya mafundi, na wewe fanya hivyo, haihitaji kompyuta.

Hakikisha Hold, ile swichi ya kufunga batani, haijafungwa, yaani hakuna rangi ya chungwa inayoonekana pale juu. Shika Menu pamoja na batani ya katikati kwa sekunde kama nane mpaka logo ya tofaa itokee. Ikitokea tu achia, na hapohapo shika batani ya katikati pamoja na ile ya kurudisha wimbo nyuma, usiachie mpaka uone maandishi ya ajabuajabu. Ukishindwa rudia, mkono utazoea. Chagua Manual Test kwa kubonyeza Menu, nenda IO, halafu HardDrive, halafu HDSMARTData. Hapo kuna mistari miwili ya kuangalia, Reallocs na Pending Sectors. Zote sifuri, diski nzima. Zikiwa na namba, diski imeanza kuoza, na namba ikiwa mamia basi unanunua kasha tu, kwa hiyo lipa bei ya kasha. Kutoka humo shika tena Menu na katikati ijizime iwake upya.

Halafu zungusha gurudumu pande zote uone kama linaruka, chomeka iafoni uzungushe ile pini kidogo usikilize kama upande mmoja unakatika, sukuma Hold kwenda na kurudi. Angalia iPod kwa ubavu kama uso umeinuka au kioo kina doa la mwanga kama kimebonyezwa kutoka ndani, hiyo ni betri imevimba. Betri iliyovimba sio mwisho wa dunia ila usiichaji tena, na usiiminye irudi ndani kama nilivyowahi kuona fundi mmoja anafanya, nikatoka nje ya kibanda.

Mikwaruzo ya nyuma usijali, lile bati lilikuwa linakwaruzika hata ukilitazama vibaya.

Usikubali kompyuta ifute nyimbo

Hapa watu wengi wanalia. Umepata iPod ya marehemu babu au ya dada aliyehama, imejaa nyimbo zake, unachomeka kwenye kompyuta yako, iTunes inakuuliza, hii iPod imeunganishwa na maktaba nyingine, unataka kuifuta uanze upya? Watu wanabonyeza ndiyo bila kusoma. Nyimbo zote kwisha. Bonyeza hapana.

Nyimbo zimo mle ndani tu ila zimefichwa. Kwenye Windows fungua ile diski ya iPod, washa kuonyesha faili zilizofichwa, utaona folda inaitwa iPod_Control, ndani kuna Music, ndani tena F00, F01, F02 na kuendelea. Faili zina majina ya herufi nne zisizo na maana lakini usiogope, jina la wimbo na msanii vimeandikwa ndani ya faili lenyewe. Nakili folda zote weka kwenye kompyuta, ukizifungua kwenye programu yoyote ya muziki zinajipanga zenyewe. Kama diski inatik hiyo kazi ifanye leo, sio kesho, na usiizimezime katikati. Kama kompyuta haiioni kabisa, iwashe upya kwa Menu na katikati, logo ikitokea shika katikati na Play, itaingia kwenye hali ya kuwa flash tu na utasoma faili zako. Ila iPod iliyowahi kuunganishwa na Mac inaweza kuwa imefomatiwa kwa staili ya Mac, hapo Windows itakuambia diski haijafomatiwa, nifomati? Hapana tena. Tafuta mtu mwenye Mac.

Ukishazitoa ndo sasa unaweza kuisafisha. iTunes kwenye Windows, au Finder kama una Mac kuanzia toleo la Catalina la 2019, chomeka, bonyeza Restore, subiri. Zile za zamani kidogo zinaweza kukuonyesha picha ya plagi baada ya hapo, maana yake chomeka kwenye chaja ya ukutani imalizie.

Kuifungua na kuweka memori kadi

Sasa utamu. Unatoa ile diski ya kuzunguka unaweka adapta ndogo yenye kadi ya SD, na iPod inakuwa nyepesi, haitoi sauti, chaji inakaa muda mrefu zaidi kwa sababu hakuna mota ya kuzungusha, na ukiidondosha haifi. Adapta zinazosifika ni za iFlash, kuna ya kadi moja, mbili, nne. Zipo pia za bei rahisi za kutoka China, nyingine zinadumu, nyingine ni bahati nasibu. Hakikisha ni ya waya mwembamba unaoitwa ZIF, hiyo ndo ya toleo la tano kwenda juu. Toleo la nne na ya nyuma yake yana tundu tofauti, na mini inatumia kadi ya CF moja kwa moja.

Kadi. Aisee kadi. Hizi za 512GB zinazouzwa bei ya chipsi mayai ni feki, ukifika 16GB inaanza kuandika juu ya ilichoandika. Kabla haijaingia kwenye iPod, iweke kwenye kompyuta uipime na programu ya bure inaitwa H2testw, inaandika kadi yote halafu inasoma tena. Inachukua masaa, iache usiku. 128GB inatosha mtu wa kawaida, na inaingia kwenye Classic za 80GB, 120GB na 160GB nyembamba bila mgogoro.

Haya, iPod video. Funga Hold. Chukua kipande cha plastiki chembamba, hata kile cha kupigia gitaa, usitumie kisu. Chomeka ubavuni pale bati linapokutana na plastiki, sukuma taratibu utasikia tak, hiyo ni kibano kimoja kimeachia, sogea zunguka hivohivo. Ikishaachia USIVUTE. Fungua kama kitabu, polepole, kwa sababu bati la nyuma na ubao wa mbele vimeungwa na nyaya mbili bapa. Moja ya betri, nyingine ya tundu la iafoni na Hold. Ile ya betri ni ndogo kama ukucha wa mtoto, ina kikufuli cha kahawia, kiinue kwa ncha ya plastiki milimita moja hivi halafu vuta utepe wake. Hiki kikufuli ndo kinachoua iPod nyingi kuliko miaka yote ya matumizi. Kikivunjika unaanza kutafuta fundi mwenye darubini. Kama mkono unatetemeka kunywa maji, rudi baada ya robo saa, sikutanii.

Betri ikishatoka uko salama. Inua diski, imevaa mipira ya bluu pembeni, chini yake utaona utepe wa iafoni, inua kikufuli chake uuchomoe, sasa nyuma na mbele vimeachana. Diski nayo ina utepe wake, inua kikufuli cheusi uvute. Kabla hujauvuta piga picha, upande gani shaba inaangalia, kwa sababu adapta inaingia hivohivo na ukigeuza haitawaka. Weka adapta na kadi, funga kikufuli, rudisha utepe wa iafoni, mwisho betri.

Betri nayo badilisha hapohapo, imegundishwa kwenye bati kwa gundi, isukume na kadi ya plastiki kutoka pembeni bila kuitoboa. Kwa kuwa diski imeondoka kuna nafasi, kwa hiyo betri kubwa zaidi inaingia, hasa kwenye bati la zile nene za 60 na 80. Namba zilizoandikwa juu ya betri za mtandaoni zichukulie kama mtu anayekutajia umri wake kwenye usaili. Nafasi inayobaki weka sponji kidogo kadi isicheze.

Usifunge bado! Ikiwa wazi hivohivo chomeka kompyuta. Kioo kitalalamika, kitaonyesha folda yenye alama ya mshangao au msalaba mwekundu, ni kawaida, kadi haina kitu. iTunes itasema imeona iPod inayohitaji kurekebishwa, bonyeza Restore. Ikikubali, ikawaka, ukaweka wimbo mmoja na kuusikia masikio yote mawili, ndo unabana. Mi mara ya kwanza nilibana kwanza nikapima baadae, nikafungua tena mara tatu, vibano viwili vikavunjika na mpaka leo ina pengo upande wa kushoto.

Classic ni habari nyingine. Uso wa chuma na nyuma chuma, plastiki haiingii, inabidi kibati chembamba cha chuma kama kile cha mafundi rangi, na bati la nyuma linapinda hata ujitahidi vipi. Nimepinda mawili. Ukiamua, agiza bati jipya la nyuma kabla hujaanza. Ndani mpangilio ni uleule, betri kwanza, diski baadae. Kama diski ya Classic yako inasoma sifuri sifuri na betri inakaa, iache jamani.

Kuweka nyimbo bila kulia

Programu ya iPod yenyewe inakubali MP3, AAC, WAV, AIFF na ALAC. FLAC, ile aina ya faili isiyopunguza sauti, haikubali. Ukiwa na FLAC zibadilishe kuwa ALAC kwa programu inaitwa foobar2000, sauti haipungui chochote, ila hakikisha haizidi 48kHz la sivyo iTunes itazigomea.

Kwenye iTunes weka alama kwenye Manually manage music and videos siku ya kwanza, ili isianze kufutafuta yenyewe.

Tatizo kubwa la nyimbo za kwetu ni majina. Nyimbo za kudaunlodi au za kujaziwa kwenye flash pale stesheneri, msanii ameandikwa jina la tovuti, albamu jina la tovuti, na picha ya albamu ni tangazo. Kwenye simu huoni shida kwa sababu unasoma jina la faili. iPod haijali jina la faili, inasoma yaliyomo ndani, kwa hiyo utakuta taarabu na singeli zote zimo chini ya msanii mmoja anaitwa www nini nini. Tumia programu inaitwa Mp3tag, chagua nyimbo hamsini kwa mpigo urekebishe. Na kwa bongo fleva yenye kushirikishana, jaza Album Artist jina la mwenye albamu tu, wale wa kushirikishwa waache kwenye jina la wimbo, la sivyo kila kolabo inajifanya msanii mpya na orodha yako inakuwa ndefu kama foleni ya Ubungo.

Kama hutaki iTunes kabisa, kuna Rockbox, programu ya bure ya watu wa kujitolea iliyoanza enzi za vipleya vya Archos. Unavuta folda zako unaweka kama flash, inapiga FLAC na OGG, ina ikwalaiza ya kweli, na inaonyesha folda badala ya hizo taratibu za msanii na albamu. Inataka iPod iwe imefomatiwa FAT32, kwa hiyo ifanyie Restore kwenye Windows kwanza sio Mac, halafu endesha Rockbox Utility ifuate maelekezo, Classic ina hatua moja ya ziada ila inakuongoza. Programu ya zamani haifutiki, kwenye iPod video ukifunga Hold mara tu inapoanza kuwaka inaingia ya Apple. Sura yake ya kuanzia ni mbaya, nakuonya, inafanana na kalkuleta, badilisha themu mapema.

Na kitu cha mwisho ni waya wa pini 30. Hizi nyaya za bei rahisi nyingine zinachaji tu hazipitishi data, utakaa unaidhania iPod imekufa kumbe waya. Jaribu mbili kabla hujaanza kufungua chochote, na kwenye ile pana ya zamani yenye vibano pembeni, bonyeza pembeni kwanza ndo uvute.